AC ya gari haitoi baridi: namna ya kujua kama kompresa imekufa kweli au klachi ndiyo inayosumbua

Wiki haipiti bila mtu kuniletea gari huku akisema, "Fundi, kompresa imekufa, nitajie bei tu." Nikimuuliza nani kaipima, jibu ni lilelile: gesi imejazwa mara mbili na bado inatoa hewa ya moto. Kujaza gesi si kupima. Kompresa ni pampu inayosukuma gesi ya AC, na klachi ni kifaa cha sumaku kinachoiunganisha na puli inayozungushwa na mkanda.

Nilishawaeleza wengi kwa mdomo, tena kwa ufupi, na wanaporudi naona wamekwama palepale. Wanaruka umeme, wanakimbilia geji, halafu wanakimbilia dukani. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe: kwanza vitu vya bure, kisha vya bei ndogo, na kompresa mwisho kabisa. Usibadilishe mpangilio.

## Vifaa

Vya lazima ni mita ya umeme inayopima volti na omu, testa ya taa (ile yenye balbu ndani na mkia wa waya), tochi, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upenyo), na kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10 katikati. Tafuta pia kijiti cha mbao kirefu kama mkono na kitambaa cheupe.

Geji za AC zenye mpira wa bluu na mwekundu ukiweza kuazima, azima. Kama huna, bado utafika mbali, kwa sababu nusu ya kazi hii haizihitaji. Vaa miwani. Gesi ikikurukia jichoni inagandisha, haiunguzi kama moto, lakini hasara ni ileile.

Mambo mawili ya hatari kabla hujafungua boneti. Usilegeze bomba lolote la AC likiwa na presha. Na kama gari ni haibridi kama Aqua au Prius, ukaona nyaya za rangi ya chungwa zinaingia kwenye kompresa, ondoa mkono. Kompresa hiyo inaendeshwa na umeme wa volti zaidi ya 200, haina mkanda wala klachi, na mwongozo huu hauihusu.

## Hatua ya 1: Jua una kompresa ya aina gani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea kabla hawajaanza.

Angalia mbele ya kompresa. Kama ina klachi, utaona sahani ya chuma mbele ya puli, na kati yake na puli kuna upenyo mwembamba sana. Kwa nyuma kuna waya unaoingia kwenye koili (waya uliosokotwa unaogeuka sumaku ukipata umeme), mara nyingi mmoja tu, kwa sababu hasi inapitia kwenye bodi. Injini ikiwaka na AC ikiwa imezimwa, puli inazunguka lakini sahani imetulia. Ukiwasha AC inasikika "ta!" na sahani inaanza kuzunguka na puli.

Aina ya pili haina klachi. Golf, BMW na Mercedes nyingi ziko hivyo, na hata Toyota kadhaa. Sehemu ya mbele inazunguka muda wote, AC iwe imewashwa au imezimwa, na kinachoamua baridi ni vali ya umeme iliyo nyuma ya kompresa. Ukikaa unasubiri ile "ta!" utasubiri mpaka magharibi. Nimeona watu wakikata nyaya za gari zima wakitafuta umeme wa klachi ambayo haipo.

Kama yako ni ya aina hii ya pili, fanya hatua ya 2 na ya 3, kisha ruka hadi ya 7. Kwenye plagi ya ile vali pima omu: nyingi zinasoma karibu na 10. Ikisoma mwisho wa mita, yaani njia imekatika, vali imekufa. Angalia pia ile sehemu ya mbele: imetengenezwa ivunjike yenyewe kompresa ikikwama, ili mkanda usikatike. Ukiona puli inazunguka lakini kitovu chake kimesimama, kimeshavunjika, na kompresa ndiyo mshukiwa wa kwanza.

## Hatua ya 2: Tumia macho na masikio

Zima gari. Angalia mkanda: umelegea, umepasuka, unang'aa? Angalia vumbi linalozunguka klachi. Vumbi jekundu kama kutu lililotapakaa kwenye duara ni klachi inayoteleza. Rangi ya bluu au zambarau kwenye uso wa sahani inaonyesha ilishapata moto mkali. Unyevu wa oili wenye vumbi kwenye viungo vya mabomba au shingoni mwa kompresa ni mahali gesi inapotokea, kwa sababu oili husafiri na gesi.

Sasa washa injini, AC ikiwa imezimwa. Sikiliza.

Mngurumo unaosikika AC ikiwa imezimwa na kupungua au kubadilika ukiiwasha unatoka kwenye beringi ya puli. Kompresa yenyewe haijafanya kosa. Beringi inauzwa peke yake na kubadilishwa bila kufungua mabomba ya gesi. Usiicheleweshe: kwenye gari nyingi mkanda huohuo ndio unaozungusha altaneta na pampu ya maji, kwa hiyo beringi ikikwama na mkanda ukaungua, hutakosa baridi tu, utabaki barabarani.

Mgongano au mkwaruzo unaoanza pale tu klachi inaposhika unatoka ndani ya kompresa. Hiyo ni habari mbaya, lakini bado usinunue kitu.

Mlio mkali wa mkanda klachi inaposhika unamaanisha mkanda umelegea, au kompresa inazunguka kwa taabu. Kutofautisha: zima gari, toa ufunguo, kisha shika sahani ya mbele uizungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa uzito wa wastani, sawasawa pande zote, ni nzima kwa upande huo. Ikigoma kabisa, imekwama. Ikizunguka kwa kukwama na kuachia kama kuna mchanga, imeshaanza kujisaga.

## Hatua ya 3: Hakikisha gesi ipo

Gari likiwa limezimwa nusu saa au zaidi, funga geji. Mpira wa bluu na mwekundu haviwezi kubadilishana kwenye mfumo wa R134a (aina ya gesi ya AC), kwa sababu mdomo wa presha ndogo, wa bluu, ni mdogo kuliko wa presha kubwa, wa mwekundu.

Mishale yote miwili isome namba moja. Hali ya hewa ikiwa nyuzi 30, tarajia kama psi 95. Ikisoma 30 au chini ya hapo, karibu gesi yote imekwisha, na swichi ya presha imeshakataa kuruhusu klachi ishike. Nyingi zinakata karibu na psi 28. Hapo hakuna kosa la kompresa wala klachi: tafuta panapovuja.

Sasa mtego wenyewe. Psi 95 haikwambii gesi imejaa. Inakwambia tu kwamba ipo. Ni kama mtungi wa gesi wa jikoni: moto ni uleule kwa wiki nzima, halafu siku ya mwisho, wali ukiwa jikoni, unafifia. Maadamu kuna kimiminika ndani, presha inafuata joto la nje na si wingi. Kwa hiyo nusu ya gesi na gesi kamili zitasoma namba ileile gari likiwa limezimwa. Kiasi sahihi hujulikana kwa mizani, na gramu zimeandikwa kwenye stika chini ya boneti.

Huna geji? Usibonyeze kijipini cha mdomo wa gesi ili "usikie." Unamwaga gesi, unamwaga oili, na bado hujajua lolote.

## Hatua ya 4: Fuata umeme mpaka mlangoni mwa klachi

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote.

Washa injini, washa AC na feni ya ndani. Chomoa plagi ya klachi, bana mkia wa testa kwenye chuma safi cha injini, na gusa ncha kwenye waya unaotoka kwenye gari. Balbu ikiwaka kwa nguvu, umeme umefika. Nenda hatua ya 5.

Kwa nini testa na si mita? Mita hudanganya hapa. Waya uliooza na kubakiwa na uzi mmoja utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Ukiupa kazi ya koili unashindwa. Balbu inaupa kazi kidogo, na udhaifu unaonekana kwa mwanga hafifu. Mita itumie baadaye, plagi ikiwa imechomekwa, kwa kupenyeza ncha nyuma ya plagi: betri ikisoma volti 14 na koili ikasoma 11, volti 3 zimepotea njiani. Tafuta rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) iliyoungua, kiungo chenye kutu, au hasi mbovu.

Balbu isipowaka, fungua sanduku la fyuzi. Angalia fyuzi kwanza, kisha rilei ya AC. Kwenye Toyota mara nyingi utakuta imeandikwa MG CLT. Ibadilishane na nyingine inayofanana nayo kabisa humohumo, kwa mfano ya honi. Klachi ikishika, umemaliza.

Ikikataa, zima injini, acha ufunguo kwenye ON, chomoa rilei na uunganishe njia ya umeme mkubwa kwa ule waya wako wenye fyuzi. Kwenye rilei zilizoandikwa 30, 85, 86 na 87, unganisha tundu la 30 na la 87. Rilei nyingi za Toyota zimeandikwa 1, 2, 3 na 5, na hapo unganisha la 3 na la 5. Sikiliza.

Ikipiga "ta!", koili, klachi na waya wa kuifikia ni vizima. Tatizo liko kwa anayetoa amri: swichi ya presha, sensa ya baridi kwenye evaporeta (kipozeo kilicho ndani ya dashibodi), swichi ya dashibodi, au kompyuta ya injini ambayo hukata AC makusudi injini ikichemka. Usiliache gari na waya huo ukaliendesha. Umeshamtoa mlinzi getini, na presha ikipanda kupita kiasi hakuna wa kukata.

Mama mmoja aliwahi kuniletea gari dogo ambalo kwenye gereji nyingine lilishafungwa kompresa ya mtumba, gesi mpya na hata kondensa (ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari). Baridi hakuna. Nilichomoa rilei, nikaitikisa sikioni: inacheza kama njuga. Ndani chuma kilikuwa kimeungua na kuachia. Ile kompresa ya zamani aliyoambiwa imekufa ilikuwa bado ipo kwenye buti, imefungwa kwa gazeti. Niliizungusha kwa mkono, laini kama mpya. Alininyamazia kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa hii naweza kuiuza?"

## Hatua ya 5: Pima koili

Zima gari, chomoa plagi. Weka mita kwenye omu. Kwanza gusanisha ncha zake zenyewe uone inasoma ngapi, mara nyingi 0.2 au 0.3, na uitoe kwenye jibu lako. Kisha pima kati ya waya wa koili na bodi ya kompresa.

Koili nzima nyingi zinasoma kati ya omu 3 na 5. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Baadhi zina fyuzi ya joto ndani ambayo huungua klachi ikiteleza sana. Ikisoma chini ya 2, koili imepigana shoti ndani, na ndiyo sababu fyuzi inaungua kila ukibadilisha. Hapo watu hufunga fyuzi kubwa zaidi. Usifanye hivyo, utaunguza nyaya za gari.

Kama AC hufanya kazi asubuhi na kukata baada ya dakika 20 kwenye foleni, rudia kipimo palepale inapokata, koili ikiwa ya moto. Nyingine zinakatika zikipata joto tu, na zikipoa zinajifanya nzima.

## Hatua ya 6: Pima upenyo wa klachi

Dalili kuu ni ile niliyoitaja sasa hivi: asubuhi baridi safi, adhuhuri hakuna. Sahani ikiliwa, upenyo unaongezeka. Koili ikipata moto nguvu yake ya sumaku inapungua, na haiwezi tena kuivuta sahani kwa umbali huo.

Jaribio: injini imezimwa, ufunguo uko ON, rilei imeunganishwa kwa waya kama hatua ya 4. Klachi isiposhika, isukume sahani kidogo kwa kijiti cha mbao. Ikijibana na kung'ang'ania, umepata jibu. Usijaribu hili injini ikiwa inazunguka, kijiti kitarudi usoni kwako.

Pitisha fila geji kati ya sahani na puli, sehemu tatu tofauti za duara. Gari nyingi zinataka kati ya milimita 0.35 na 0.6. Ikifika 0.8 au zaidi, fungua bolti ya katikati, toa sahani, na kwenye shafti utakuta washa nyembamba. Punguza moja, au weka nyembamba zaidi, rudisha, pima tena. Usizitoe zote kwa tamaa: upenyo ukibana kupita kiasi, klachi haiachii, inasugua muda wote na kuungua.

Kazi hii ni ya nusu saa kama bolti inafikika, na gesi haiguswi. Imeshanipa wateja wengi ambao walikuja tayari na pesa ya kompresa.

## Hatua ya 7: Klachi inashika, lakini baridi hakuna

Hapa sasa ndipo kompresa yenyewe inapopandishwa kizimbani.

Funga geji, fungua milango, weka feni ya ndani mwisho na hewa ya kuzunguka ndani. Hakikisha feni ya kondensa inazunguka, kwa sababu AC inayopoza barabarani na kufa kwenye foleni mara nyingi ni feni hiyo. Shikilia injini kwenye mizunguko 1,500 (RPM) kwa dakika chache.

Kwenye joto la nyuzi 30 hadi 33, mfumo usio na tatizo husoma bluu psi 25 hadi 45 na nyekundu 200 hadi 250. Dar, Tanga au Mombasa, kukiwa na unyevu mwingi, itapanda zaidi. Arusha itakuwa chini.

Zote mbili chini: gesi pungufu. Zote mbili juu: gesi imezidi, kuna hewa ndani, au kondensa haipozwi. Bluu inashuka kuelekea sifuri: kuna kuziba, mara nyingi kwenye vali ya kutanua gesi.

Bluu juu na nyekundu chini, tuseme 75 kwa 120, ndiyo sura ya kompresa isiyosukuma. Thibitisha kwa kupandisha mizunguko hadi 2,500. Nzima itazitenganisha namba mara moja, bluu ikishuka na nyekundu ikipanda. Iliyochoka itabaki palepale. Gusa na mabomba kwa tahadhari: la kurudi liwe baridi linalotoa jasho, la kutoka liwe la moto wa kuunguza. Yote mawili yakiwa na joto moja huku sahani inazunguka, hakuna kinachosukumwa.

Kwa kompresa isiyo na klachi, sura hiyohiyo inaweza kuwa vali ya nyuma tu. Ipime kwanza.

## Hatua ya 8: Soma oili kabla ya kununua

Gari likiwa limezimwa, ukitoa mpira wa bluu, futa mdomo wake kwa kitambaa cheupe. Oili angavu au ya njano hafifu ni nzuri. Ya kijivu au nyeusi, yenye vimeta ukiimulika tochi, ni chuma cha kompresa kilichosagika, na kimeshatembea mfumo mzima.

Katika hali hiyo, kubadilisha kompresa peke yake ni kuipa mpya sumu ya ya zamani. Mabomba yaoshwe, chujio la kukausha unyevu libadilishwe, vali ya kutanua pia. Kondensa za siku hizi zina vijinjia vyembamba mno visivyooshika, hivyo ni bora ibadilishwe.

Ukienda kutafuta ya mtumba, izungushe kwa mkono, kisha ziba tundu la kutolea kwa kidole gumba na uzungushe tena: usikie inasukuma. Kataa iliyokaa rafuni matundu yakiwa wazi. Oili yake hunywa unyevu wa hewa, na Kariakoo unyevu haukosi. Uliza pia aina ya oili, usichanganye.

Kabla ya kujaza gesi, vuta hewa kwa pampu angalau dakika 30, funga, subiri dakika 15 uone mshale haurudi. Kisha jaza kwa mizani. Anayejaza kwa kushika bomba na kusema "hapa panatosha" anakubahatishia.

## Utajuaje umepona

Sahani inashika mara moja bila mlio, na inazunguka sawa na puli. Haishiki na kuachia kila sekunde chache. Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi: baada ya dakika kumi, nyuzi 5 hadi 10 ni nzuri, na mchana wa Februari hapa Pwani, 12 kwenye foleni sitakulaumu. Maji yanadondoka chini ya gari upande wa abiria.

Kisha liendeshe saa nzima, tena kwenye joto, kabla hujamlipa fundi. Hata kama fundi ni mimi.